Nilimsimulia Mkwe Wake Mwisho wa Zamani, Rafiki Yangu Akatenganishwa na Wanawe

Nimekosa. Sisemi niliteleza, sisemi shetani alinipitia. Nilikaa, nikafikiri, nikachagua, nikafanya. Nilimtenganisha mama na watoto wake kwa sababu ya sentensi moja nzuri, ambayo aliiandika yeye na sikuiandika mimi.

Ukimaliza kusoma unaweza kunitukana, nimeshazoea. Jina langu naomba lisitajwe. Ninyi wa Tarime mtanijua tu, na mkinijua basi, nyamazeni.

Nakaa Nyamisangura, hapahapa mjini Tarime. Nina duka la vitenge na uzi na zipu, nina mume, nina watoto wanaonila akili. Lakini tangu shule nilikuwa najulikana kwa kitu kimoja: hadithi. Mimi ndiye niliyekuwa naulizwa, "Hebu tusimulie." Mimi! Si mtu mwingine.

Nikiwa bweni nilikuwa na kitabu alichoniachia mjomba. Jalada hakina, kurasa za mwanzo zililiwa na panya, hata jina lake sijawahi kulijua. Kilikuwa kimetafsiriwa kutoka Kizungu, Kiswahili chenyewe kigumu mpaka unajikuna kichwa.

Kilikuwa cha kutisha. Bwana mmoja tajiri ana jumba la mawe juu ya kilima, ukungu kila siku. Anaoa binti maskini, anamleta humo. Jioni kwenye dirisha la juu anaonekana mwanamke mzee, nywele nyeupe, amenyoosha mkono. Watumishi wanasema ni mzuka wa shangazi yake bwana, ambaye jumba lilikuwa lake kabla hajafa, na sasa anamwonea kijicho bibi harusi. Mwishoni bwana anapanda juu kupambana nao, mzuka unaangukia bwawani, bibi harusi anafunga dirisha, anamkumbatia mumewe, nyumba inapata amani. Mwisho.

Tulikipenda kile kitabu, jamani! Rafiki yangu Rhobi alikuwa analala kitanda cha chini, mimi cha juu. Nilikuwa namsimulia huku nagonga ubao wa kitanda kwa vidole, anapiga kelele mpaka matroni anakuja. Rhobi kwao ni Mugumu. Alikuwa mwembamba, mkimya, darasani wa kawaida tu. Hadithi zote alizokuwa anazijua alizipata kwangu. Naomba ulishike hilo, maana ndilo nililokuja kujidanganya nalo baadaye.

Kidato cha nne hakumaliza. Nyumbani kwao walipokea ng'ombe, akaolewa. Aliyemuoa ni mwanamke, Bibi Wegesa, wa kijiji kimoja huko juu mlimani nje ya mji.

Wasio wa huku niwaeleze kidogo. Kwetu Wakurya mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti. Watoto atakaowazaa huyo binti ni watoto wa nyumba ya yule mama. Tunaita nyumba ntobhu, na yule binti huhesabiwa mkamwana, yaani mke wa mwana, naye humwita aliyemuoa mama. Bibi Wegesa alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto kabisa. Mumewe alipozikwa tu, shemeji zake wakaanza kupima shamba kwa miguu, yeye mwenyewe yuko jikoni anapika chakula cha msiba anawaona. Wanapima na kubishana mpaka wa nani uishie wapi, kana kwamba mle jikoni hakuna mtu. Basi akatoa ng'ombe wake, akamuoa Rhobi, nyumba ikasimama. Akazaliwa Mwita, akazaliwa Ghati.

Na walipendana! Nimewahi kuona wakwe wengi, mimi mwenyewe wangu tunasalimiana kwa kulazimishwa. Wale wawili walikuwa wakikaa uani wanapeta ulezi wanacheka, ukifika wananyamaza kidogo, halafu wanaanza tena kucheka. Hata hilo nililionea wivu, siwafichi.

Sasa kukaja Madam Suzi. Ni mwalimu, kwao Mwanza, mumewe alikuja huku kwa mambo ya dhahabu. Alianzisha kikundi cha wanawake cha kusoma, tunakutana Jumamosi nyuma ya saluni pale Nyamisangura. Nikamleta Rhobi. Ndiyo, mimi ndiye niliyemleta.

Siku moja Madam Suzi akasema, "Hizi hadithi za kutisha za zamani, mwanamke huwa ana kazi mbili tu. Ama anapiga kelele, ama yeye ndiye anayepigiwa kelele. Siku hizi wanawake duniani wanazichukua hadithi hizo wanaziandika upya, yule aliyeogopwa anapewa nafasi aseme. Na sisi tujaribu. Nani anayo moja?"

Nani anayo? Nikasimama, nikawasimulia kitabu changu mwanzo hadi mwisho. Mama Neema, mwenye saluni, akasahau mteja kwenye draya. Ikaamuliwa kila mtu akaiandike hadithi hiyohiyo upya, kwa jicho lake.

Niliandika kwa wiki mbili nzima. Duka nilimwachia binti. Bibi harusi wangu alikuwa mwanasheria, amesoma mpaka basi. Theluji inaanguka, yeye amesimama kwenye ngazi za mawe anamhutubia bwana kuhusu haki za mwanamke, kurasa na kurasa. Mzuka unalia kwa furaha, unapotea angani. Nilipomaliza kuandika nilijipongeza kwa soda baridi.

Nikasoma. Wakapiga makofi yale ya kanisani. Halafu Mama Neema akauliza, "Mwenzangu, hiyo theluji inaanguka wapi? Bomani?" Wakaangua kicheko. Nikacheka nao, na uso wote unawaka.

Ikaja zamu ya Rhobi. Alisoma kwa sauti ndogo. Jumba la mawe alilileta kwenye milima yetu. Ukungu ni ule wa asubuhi tunaoujua, ng'ombe wanasikika huwaoni. Bibi harusi ameletwa, anaonyeshwa kila mahali, darini anaambiwa usiende, kuna mzuka. Anaogopa kama wote. Mpaka siku moja yuko chini ya ngazi anafagia, anasikia mzuka umekohoa.

Anasimama na ufagio. Anajiuliza, "Mzuka gani unakohoa?"

Basi. Hapo ndipo nilipokufa. Kitabu kile nimekisoma hadi kikaisha kurasa, nimekisimulia mabweni mawili, na sijawahi hata mara moja kujiuliza kama yule bibi wa juu yuko hai! Rhobi amekisikia tu kutoka kitanda cha chini, akajiuliza.

Hadithi yake ikaendelea. Bibi harusi anapika uji, anaupandisha darini. Anamkuta shangazi mtu, mzee, ana baridi. Mpwa wake alimfungia huko, akatangaza amekufa, akarithi nyumba. Msiba ulifanyika, fahali akachinjwa. Shangazi anakunywa uji, anasema, "Walinililia vizuri. Niliwasikia." Bibi harusi anafungua dirisha lote, mchana kweupe, majirani wamuone. Halafu wanashuka pamoja kwa mlango wa mbele. Mwishoni wana nyumba yao, watoto wa yule binti wanamwita bibi, na yule bwana amebaki kwenye jumba ambalo hakuna anayepita kumsalimia.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Neema alikuwa analia. Madam Suzi akavua miwani, akasema, "Rhobi, naomba uisome tena."

Uisome tena! Kitabu changu!

Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Nikiuza zipu nasikia kikohozi. Sokoni wanawake wanamwita Rhobi kwa mbali, "Mzuka gani unakohoa?" na kucheka naye. Mume wangu, ambaye hadithi zangu hajawahi kuzisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mezani, "Huyo mwenzio ana kichwa." Nikamwambia ugali umekwisha, na ugali ulikuwepo.

Nilijiambia ameniibia. Nilijiambia kitabu ni changu, kikundi nilimleta mimi, hata kuogopa nilimfundisha mimi. Nikawa naangalia viatu vyake vya plastiki, nafikiri, huyu? Kidato cha nne hana!

Halafu ikaandaliwa sherehe ya wanawake ukumbini Bomani, na watu wa redio wangekuja kurekodi. Madam Suzi akasema Rhobi ndiye atakayesoma. Mimi akaniomba, kwa upole kabisa, nisimamie viti na soda.

Siku chache kabla, Rhobi akaja dukani. Akakaa kwenye kigoda, akawa anazungusha kidonge cha uzi mkononi.

"Mwenzangu, sisomi mbele ya watu kabla mama hajaisikia," akasema. "Yule shangazi ni yeye. Nilimwandikia yeye. Akija kuisikia kwa watu atadhani nimemtangaza."

"Si umwambie."

"Nitamwambiaje? Mkamwana nasimama mbele ya mkwe wangu namwambia mama, nimekufanya mzuka? Huo mdomo ninautoa wapi? Inatakiwa aende mtu. Na Kiswahili chake ni cha sokoni tu, itabidi asimuliwe Kikurya, tena na mtu anayejua kusimulia." Akaniangalia. "Hakuna mwingine ila wewe."

Ndivyo desturi ilivyo kwetu, jambo zito la mkamwana hupelekwa na mjumbe. Na mjumbe akishasema, maneno yake ndiyo maneno ya aliyemtuma. Nilijua hilo vizuri sana. Nikamwambia, "Usijali."

Nikapanda bodaboda mpaka huko juu. Rhobi alikuwa ameondoka makusudi na watoto, wameenda kisimani, maana asingeweza kuwepo. Bibi Wegesa nikamkuta uani na ungo wake wa ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Rhobi ameniambia unakuja na maneno."

Nawaapia, mpaka hapo nilikuwa bado sijui nitafanya nini. Labda ningesimulia vizuri. Lakini yule mama akatabasamu, akasema, "Huyu mtoto wangu amefanya kitu huko mjini, eti? Watu hata siwajui wananipa mkono sokoni. Wewe ulisoma naye. Nawe ulikuwa na akili kama yake?"

Aliuliza bila ubaya wowote. Mimi nikaona giza.

Nikaanza kusimulia. Jumba, ukungu, binti anayeletwa. Nilisimulia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na Kikurya kilikuwa kinateleza chenyewe. Akaacha kupeta. Nikafika kwa mwanamke wa dirishani.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni mwenye nyumba. Mzee, hana mtoto."

Kisha akasema taratibu, "Ni mimi."

Pale ndipo palipokuwa na kikohozi. Pale ndipo binti anaposimama na ufagio. Nikapapita! Nikashika njia ya kitabu cha zamani, kile kisicho na jalada, nikakifuata neno kwa neno. Watu wanamwogopa mzee, wanamchukia, wanataka aondoke. Bwana anapanda juu.

"Halafu anakuwaje?"

"Anaangukia bwawani."

"Na binti aliyeolewa yuko wapi?"

"Yuko dirishani."

"Anafanya nini?"

Nikamwambia, "Anafunga dirisha."

Mama yule akaweka ungo chini. Hakupiga kelele, hakulia. Akatazama njia ya kisimani, akasema, "Kumbe ananisubiri nife."

Nikiwa kwenye bodaboda narudi, nikawa najifariji eti sikusema uongo, hakuna neno nililotunga, yote yaliandikwa na Mzungu fulani zamani. Oneni akili ya mwenye wivu inavyofanya kazi!

Nilidhani mama atanuna, atamkataza Rhobi kusoma ukumbini, yaishe. Nilitaka tu asisome. Lakini kwetu mkamwana kumtakia kifo mwenye nyumba si jambo la kununa. Bibi Wegesa akawaita wazee. Na mbele ya wazee akaja mbiombio shemeji yake, Mzee Marwa, yuleyule wa kupima shamba, ambaye ndoa ile hakuitaka tangu mwanzo.

Walikaa asubuhi palepale uani, nami mjumbe nikaitwa. Rhobi akapiga magoti, akasema, "Wazee wangu, sivyo nilivyoandika. Ninayo hapa, naomba niisome."

Mzee Marwa akacheka. "Karatasi ni yake, mkono ni wake. Ataandika usiku asome asubuhi. Na hao wanawake wenzake wa mjini watamtetea tu. Mjumbe si yupo? Aulizwe mjumbe."

Wote wakanigeukia. Na Rhobi akanigeukia, jamani, uso wake ukafunguka. Alifurahi! Aliniona mimi akajua sasa mambo yataeleweka.

Mzee mmoja akaniuliza, "Mama, yale uliyomwambia mwenzetu hapa, ndiyo uliyotumwa?"

Nilikuwa na nafasi. Ingenigharimu aibu ya siku moja. Nikatazama chini, nikasema, "Nilisema nilichotumwa."

Ikaamuliwa arudi kwao Mugumu. Watoto ni wa nyumba, wanabaki. Hilo halikujadiliwa hata kidogo, kila mtu alikuwa analijua.

Rhobi hakupiga yowe. Alisimama, akajikung'uta vumbi magotini, akanijia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia kitu alichokisahau dukani, "Ulimwambia kwamba alikohoa?"

Nikaangalia viatu vyake vya plastiki.

Akaniangalia sana. Kisha akaenda kumfunga Ghati kanga vizuri, maana ilikuwa imelegea, akaondoka na mfuko mmoja. Mwita akamfuata mpaka njiani, Mzee Marwa akamrudisha kwa kumshika shati.

Ukumbini Bomani nikasoma mimi. Si walikosa msomaji? Nikasoma mwanasheria wangu na theluji yake mbele ya watu wa redio. Nilipofika katikati ya hotuba watu walikuwa wanatafuta vifungulio vya soda. Mama Neema alitoka nje, hakurudi. Nilikuwa nimesimama pale nilipotaka kusimama, nimevaa kitenge kipya, na nilikuwa natamani sakafu ipasuke.

Mtasema basi nilijuta palepale. Hapana! Wivu si homa kwamba utatoka jasho uishe. Madam Suzi alikuwa anasema, "Laiti tungekuwa na Rhobi," nami nasikia uchungu upya, namwonea wivu mtu niliyemfukuza kwake.

Kilichonivunja, miezi mingi baadaye, ni kuonana na Bibi Wegesa. Alikuja dukani kununua kipande cha kushonea nguo ya Ghati. Amekonda, mtoto amebebwa mgongoni na mgongo wenyewe umepinda. Nikampa kiti, nikamwuliza habari za nyumbani, vile tunavyouliza tu.

"Wapo," akasema. "Shemeji zangu wanapita uani kwangu, wanaongea habari za shamba, wanaelekezana huku na huku. Hata shikamoo hawanipi. Jana nilimwita mmoja kwa jina, akapita."

Kisha akasema, "Rhobi alikuwa akinisalimu kila niamkapo. Sijui huyo wa kunifungia dirisha alitoka wapi ndani yake."

Mkasi ukaniponyoka, ukaanguka. Nikamwambia. Palepale, kati ya vitenge, wateja wakiingia na kutoka. Nikamwambia mwisho ule haukuwa wa Rhobi, ulikuwa wa kitabu, na kwamba niliubadilisha kwa makusudi kwa sababu nilikuwa namwonea wivu.

Nilisubiri anilaani. Kwetu laana ya mzee haichezewi. Yeye akamshusha Ghati mapajani, akasema, "Nisimulie hiyo yake."

Nikamsimulia. Kikohozi, ufagio, uji. Nilipofika pale shangazi anaposema walinililia vizuri niliwasikia, Bibi Wegesa akacheka. Alicheka, alicheka, mpaka Ghati naye akacheka bila kujua kitu, halafu nikaona machozi yanamtoka na bado anacheka.

"Alijuaje?" akaniuliza. "Siku wale wanapima shamba mimi niko jikoni nasikia, sikuwahi kumwambia mtu nilivyojisikia. Huyu mtoto alijuaje?"

Akajipangusa uso kwa kanga. Sauti ikabadilika.

"Utawaambia wazee kwa mdomo huohuo. Halafu utaenda Mugumu unirudishie mtoto wangu. Na nauli usiniombe."

Niliwaambia wazee. Mzee Marwa aliniita majina ambayo gazeti haliwezi kuyaandika, si kwa uovu wangu bali kwa sababu Rhobi akirudi shamba linamponyoka tena. Habari ikashuka mjini kabla yangu. Kuna wateja mpaka leo wanavuka barabara wasipite mbele ya duka langu. Mume wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na mimi huwa unanisimuliaje kwa watu?"

Mugumu nilimkuta Rhobi sokoni na mama yake mdogo, wanauza dagaa. Nikasema yote nimesimama, watu wanasikia. Hakunikatiza. Nilipomaliza akafunga dagaa kwenye mfuko, akamkabidhi mama yake mdogo, akasema, "Twende." Kwenye basi hakunena neno mpaka Tarime.

Kule juu Bibi Wegesa alikuwa amesimama njiani. Wakashikana mikono, Mwita akaja mbio akajitupa katikati yao. Lakini Ghati, jamani! Ghati alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Rhobi akachuchumaa, akamwita kwa jina lake la kudeka. Mtoto akachungulia, akauliza, "Bibi, huyu ni nani?"

Nilitamani anipige. Hakunipiga.

Sasa Rhobi yuko kwake, na Ghati ameshamzoea, namshukuru Mungu. Lakini haandiki. Madam Suzi alipanda mlima kumbembeleza, akaambiwa, "Nina kazi." Karatasi zake aliwashia moto wa kupikia maharage. Bibi Wegesa anaitaka hadithi yake, anaiomba kama mtoto, na mkamwana anasema, "Ndiyo, mama," halafu anashika jembe anaenda shambani.

Kwa hiyo yule mama ananiita mimi. Kila Jumapili mchana baada ya ibada napanda huko juu, nakaa uani, naisimulia hadithi ya Rhobi kwa Kikurya. Majirani wameanza kuja, wengine na vigoda vyao. Wananiambia hakuna anayesimulia kama mimi. Ndicho nilichokuwa nataka maisha yangu yote, na kila ninapofika kwenye kile kikohozi nasikia sufuria zinagongana jikoni.

Jumapili iliyopita nilisahau kidogo, sikukumbuka kama shangazi anaongea kabla ya uji au baada. Nikaingia jikoni, nikamwuliza Rhobi, "Hapa niseme vipi?"

Hakuinua kichwa. "Ichukue yote," akasema. "Si uliitaka?"

Wewe unayesoma, kama unaye rafiki anayekushinda jambo unalolipenda, na moyo unakuuma ukimsikia anasifiwa, usikae na huo uchungu ukauita majina mengine. Nenda kwake leo, mwambie usoni, "Nakuonea wivu mpaka silali." Mgombane, mchekane, mnuniane mwezi mzima, ni afadhali. Rhobi ninavyomjua angecheka sana, kisha angenisaidia kuitoa ile theluji. Mimi sikumwambia. Sasa nasimulia hadithi nzuri kuliko zote Tarime, watu wanajaa uani kunisikiliza, na yule mmoja ninayetaka anisikilize anaosha vyombo kwa nguvu ili asinisikie.